Makumbusho ya mkoani yanafaa?

Umeuliza kama makumbusho madogo ya viumbe ya mkoani yanastahili safari au bora ungoje yale makubwa. Nenda, tena bila haraka. Makubwa yanakuonyesha dunia nzima. Haya yanakuonyesha mawe, wadudu na ndege wa eneo lile lile, na vingine huvipati kwingine.

Usiruke vibandiko. Kizuri husema kielelezo kilikusanywa wapi, lini na nani. Bila hayo, kwa mwanasayansi ndege aliyekaushwa ni pambo tu. Kwenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika maweni, uliza kipi halisi, kipi nakala. Nakala si utapeli: hata Sue, yule dinosaria wa aina ya Tyrannosaurus rex wa makumbusho ya Field Museum kule Chicago, Marekani, amewekewa fuvu la nakala kwa sababu la asili ni zito mno kubebwa na kiunzi, nalo linaonyeshwa kando.

Taa zikiwa hafifu usinung'unike, mwanga mkali hupausha manyoya na mabawa. Flashi zima. Na kama una jiwe la ajabu nyumbani, nenda na picha yake na ukumbuke ulikoliokota. Makumbusho mengine yana mtaalamu wa kukutambulia.