Kapiki si kosa

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma rasimu za wawili wenu, na wote wawili mmependekeza jambo lile lile: familia ya mtoto mwenye usonji ishauriwe kutumia lugha moja. Nisikilizeni kabla hamjapanda daladala ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwenda kuwarikodi watoto.

1. Kibali cha ZAHRI, taasisi ya utafiti wa afya Zanzibar, hakitoshi kumpigia mtu hodi. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa mtaa.

2. M-CHAT-R, dodoso la kuchunguza dalili za usonji, ni ya watoto wa miezi 16 hadi 30. Mtoto wa miaka minne msimjazie.

3. Msihesabu makosa kabla hamjaijua lugha ya nyumbani. Mwaka wangu wa kwanza nilimrikodi mtoto wa miaka mitano mwenye usonji. Nikamwonesha picha ya mwanamke jikoni, akasema, "Kapiki." Nikaandika: nafsi imekosewa, irabu ya mwisho imekosewa. Akamgeukia bibi yake aliyekuwa akikuna nazi, akamwambia, "Kupiki?" Nikaandika: ametumia kitenzi-jina, hajui nafsi.

Kumbe alikuwa akimuuliza bibi kama amepika. Kikae, lahaja ya Makunduchi, ndivyo kinavyokwenda: ka- ni yeye, ku- ni wewe, na kwa jambo lililokwisha kutendeka irabu ya mwisho huifuata ya mzizi. Vitabu vinatwambia watoto hawa mara nyingi huchanganya "mimi" na "wewe". Huyu aliitenga nafsi ya pili na ya tatu mbele ya macho yangu, akamgeukia mtu, akamuuliza. Nikampa sifuri.

Kwa alama hizo nikamwambia mama yake waache Kikae, wamsemeshe Kiswahili cha skuli tu. Akatii, maana mwenye makaratasi nilikuwa mimi. Niliporudi baada ya miezi mitatu, bibi alikuwa pale pale juu ya mbuzi, kimya. "Nimeambiwa namharibu," akasema, hakuniangalia. Mtoto naye hakumgeukia tena. Nilimwomba radhi, na siku ile ile bibi akaanza tena kumsemesha mjukuu wake. Mtoto alichukua wiki nyingi kumjibu.

Na ushahidi ulikuwapo. Tafiti za Montreal na kwingineko zimewalinganisha watoto wenye usonji wa lugha mbili na wa lugha moja, hazikuona kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Nilikuwa nimezisoma!

4. Mtoto anaweza kusoma Alhamdu yote aliyoishika chuoni na asiweze kuomba maji. Msiihesabu kuwa mazungumzo, wala msiiite mwangwi mtupu. Muulizeni mama huisoma wakati gani. Mtoto mmoja niliyemrikodi aliisoma kila aliposikia pikipiki, kwa woga. Basi andikeni hilo.

5. Sauti zote azisikilize mtu wa Makunduchi kabla hamjajaza alama hata moja. Mlipeni.

Wawili nyinyi, njooni Jumatatu na sauti zenu. Mimi nitakuja na ile yangu, tutaanza na "kupiki".