Mishipa iliyotokeza miguuni: dada, usipigwe chuku

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msusi, nina miaka 36 na watoto watatu. Tangu mimba ya mwisho, mguu wangu wa kushoto umetokeza mishipa minene iliyojipinda, kuanzia nyuma ya goti hadi kwenye kigimbi. Pajani nako kuna vijimishipa vyembamba vyekundu na vya zambarau. Jioni mguu unakuwa mzito na unawaka moto. Jirani anasema ni damu chafu, nikapigwe chuku itoke. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Chuku usipigwe. Damu iliyomo humo ni ileile inayozunguka mwili wako mzima, haina uchafu wowote. Tena ngozi iliyo juu ya mishipa hiyo ni nyembamba. Wembe ukiugusa mshipa, damu itakayomwagika itakutisha.

Hitilafu iko kwenye njia. Damu ya mguuni hurudi moyoni kwa kupanda, na anayeisukuma ni kigimbi: kila ukipiga hatua, msuli unaminya vena za ndani, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni. Vali, yaani vilango vidogo vinavyofunguka kuelekea juu tu, huizuia isirudi chini. Ukisimama tuli, kigimbi hakifanyi kazi, na presha katika vena za kifundoni hufika karibu milimita 90 za zebaki. Ukitembea hushuka hadi 30 hivi. Wewe unasimama kichwa baada ya kichwa, na mimba tatu zimekwisha kulegeza kuta za mishipa. Vali zikishindwa kufunga, damu hutuama na mshipa hutanuka. Muulize na mama yako, maana jambo hili hufuata ukoo.

Vile vya pajani viko ndani ya ngozi yenyewe, havifiki hata milimita 1 kwa upana. Mara nyingi havina madhara.

Basi kiamshe kigimbi. Ukiwa unasuka, kila nusu saa nyanyua visigino na kuvishusha mara ishirini, mikono ikiendelea na kazi. Vichwa vingine visuke ukiwa kwenye kiti kirefu, huku ukichezesha vifundo. Ukirudi nyumbani lala chali, miguu juu ya mito, ipite usawa wa moyo, kwa robo saa. Soksi za kubana husaidia sana ukizivaa asubuhi kabla mguu haujavimba, ila kwanza upimwe mapigo ya damu ya mguuni, hasa kama una kisukari.

Mafuta ya kupaka hayarudishi vali, usipoteze fedha. Kipimo cha ultrasaundi ndicho huonyesha vali ipi inavujisha, na mshipa huo unaweza kuzibwa kwa leza, kwa sindano ya dawa, au kuondolewa kwa upasuaji. Wengi huniuliza damu itapita wapi. Itapita kwenye vena za ndani, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa tangu zamani. Kama unataka mtoto mwingine, mwambie daktari wako kabla hamjaamua.

Ngozi ikianza kuwa nyeusi na kuwasha upande wa ndani wa kifundo, nenda kliniki kabla haijawa kidonda. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo, huenda damu imeganda ndani; ukibanwa na pumzi pia, usingoje hata saa moja. Na mshipa ukipasuka, lala chini, inua mguu, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 15 bila kuchungulia, kisha uende hospitali. Usifunge kamba juu ya goti.