Nicodemus, kijiji cha watu 14

Wiki iliyopita niligusia Nicodemus, kijiji cha jimbo la Kansas, Marekani, kilichoanzishwa na Weusi waliotoka utumwani, wengi wao kutoka jimbo la Kentucky. Maswali yamemiminika. Haya ndiyo yaliyojirudia.

*Kweli wamebaki watu 14 tu?*

Ndiyo, hiyo ni hesabu ya sensa ya 2020. Miaka ya 1880 eneo hilo lilikuwa na mamia ya wakazi, maduka, makanisa, shule na magazeti mawili.

*Nini kiliwatoa watu Kentucky hadi kwenye nyika tupu?*

Ardhi. Utumwa ulikwisha mwaka 1865, lakini mashamba yalibaki mikononi mwa mabwana wale wale. Kwa aliyelimishwa kwa viboko, shamba lenye jina lake ndilo lililoufanya uhuru uonekane. Magharibi, sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano. Mwaka 1877 W. R. Hill, Mzungu aliyekuwa akiuza viwanja, na mchungaji Mweusi W. H. Smith walianzisha kampuni ya kujenga mji wa Nicodemus, wakaisifu nchi hiyo kupita kiasi ili kuwavuta watu.

Waliofika hawakukuta hata miti ya kujengea. Walichimba makao ardhini. Willina Hickman, aliyefika mwaka 1878, alisimulia kwamba mumewe alipomwonyesha Nicodemus, hakuona nyumba hata moja, bali moshi tu ukifuka kutoka udongoni. Akaangua kilio. Wapo waliogeuza njia na kurudi, yeye alibaki. Wenyeji husimulia hadi leo kwamba msimu wa kwanza wa baridi kali waliokolewa na Waosage, Wahindi Wekundu waliokuwa wakitoka kuwinda, waliowagawia chakula. Kila nikikumbuka simulizi hiyo huguswa: waliokuwa wakinyang'anywa nchi yao wakawalisha waliokuwa hawajawahi kuwa na nchi.

*Basi kiliangushwa na nini? Ubaguzi?*

Ubaguzi ulikuwepo, ila hawakukaa kinyonge. Mwaka 1882 Edward McCabe, aliyewahi kuishi hapo, alichaguliwa kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima la Kansas. Pigo kubwa lilikuwa reli. Kijiji kilihangaika kuivuta, lakini mwaka 1888 kampuni ya reli ya Union Pacific ikapitisha njia yake upande wa pili wa Mto Solomon. Kambi ya wajenzi wa reli ikageuka kuwa mji wa Bogue, na wafanyabiashara wakahamia huko. Mkulima asiye na stesheni jirani hubeba ngano yake mbali, na faida huishia njiani. Ukame na tufani za vumbi za miaka ya 1930 zikawaondoa wengi waliosalia. Posta ilifungwa mwaka 1953.

*Ningependa kufika huko. Niende lini?*

Mwishoni mwa Julai. Tangu mwaka 1996 kijiji ni eneo la kihistoria la taifa, na majengo matano ya zamani yanatunzwa, yakiwemo makanisa mawili na shule. Lakini majengo hayatoshi kukieleza. Mwishoni mwa Julai hufanyika sherehe ya ukombozi, iliyoanza kwa kukumbuka Agosti 1, siku watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza walipoachwa huru mwaka 1834. Siku za sherehe wajukuu na vitukuu hurudi kutoka majimbo mbalimbali, hupika pamoja, huandamana barabarani, na wazee huwaonyesha watoto mahali babu zao walipochimba makao yao.