Maswali na Majibu: Asili ya jina Maulwurf

Swali: Kamusi yangu inasema fuko kwa Kijerumani ni Maulwurf. Maul ni kinywa cha mnyama, na Wurf ni tendo la kurusha. Je, Wajerumani waliamini kwamba fuko hurusha udongo kwa mdomo?

Jibu: Hivyo ndivyo jina linavyosomeka leo, lakini waliolitunga hawakukusudia hivyo. Katika Kijerumani cha kale, kilichotumika takriban kati ya mwaka 750 na 1050, mnyama huyu aliitwa mūwerf, na mū ilikuwa na maana ya lundo. Kwa hiyo aliitwa mrusha malundo, kutokana na vile vifusi vya udongo mbichi anavyoviacha juu ya majani kila apitapo chini ya ardhi. Waliompa jina hilo walikuwa wamemtazama vizuri, kwa sababu fuko wa Ulaya huchimba kwa miguu ya mbele, iliyo mipana kama sepetu na yenye viganja vilivyogeukia nje.

Swali: Basi kinywa kiliingiaje?

Jibu: Neno mū lilipoacha kutumika, watu walibaki na jina ambalo nusu yake haikueleweka tena, wakaliegemeza kwenye neno lililokuwa hai. Kwanza lilikuwa molte, yaani udongo, ndipo likapatikana moltwerf. Molte nayo ilipofifia, nafasi yake ikachukuliwa na mūl, kinywa, ambayo baadaye ilitamkwa Maul kwa badiliko lile lile la sauti lililoigeuza hūs, nyumba, kuwa Haus.

Swali: Kuna ushahidi nje ya Kijerumani?

Jibu: Upo. Wadenmaki humwita fuko muldvarp, na muld kwao ni udongo hadi leo.

Swali: Je, yapo maneno mengine yaliyopatwa na hali hiyo?

Jibu: Lipo Friedhof, makaburi, ambalo wengi hulifasiri kuwa uwanja wa amani kwa sababu Friede ni amani. Umbo lake la kale, frīthof, lilimaanisha uwanja uliozungushiwa ua, hasa ule wa kanisa, mahali ambapo wafu walizikwa, na ndiyo maana fasiri ya amani ilipokewa kwa urahisi. Kama sauti zingefuata mkondo wake wa kawaida, neno hilo lingekuwa Freithof, na kweli umbo hilo bado linasikika katika lahaja za Bavaria na Austria.