Mthamini wa benki amekwisha kupita: je, bado tumwite mhandisi?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi na mume wangu tunaishi Moshi, lakini yeye amehamishiwa kazi Arusha, na huko tumepata nyumba ya vyumba vitatu maeneo ya Njiro. Ilijengwa katikati ya miaka ya 1990, kisha ikaongezewa chumba na stoo upande wa nyuma. Benki imekwisha kutuma mthamini wake, na dalali ametuahidi fundi atakayeikagua bila malipo. Nyumba imepakwa rangi upya, ila sebuleni, kwenye kona ya dirisha, unaonekana ufa uliozibwa, na nje ya ukuta huo pana mkaratusi mkubwa. Je, kuna haja ya kumlipa mhandisi wetu wenyewe, na akija akague nini? Muuzaji anatuhimiza tutoe malipo ya awali wiki hii hii. (Msomaji, Moshi)

Jibu: Marahaba, dada. Haja ipo, na kwa nyumba uliyoieleza ni kubwa kuliko kawaida, kwa sababu ya ule ufa, ule mti na kile chumba kilichoongezwa. Malipo ya awali yasubiri mpaka mhandisi awe amefika na kutoa taarifa yake kwa maandishi.

Nianze na mthamini, kwa kuwa hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojifariji bure. Mthamini aliyesajiliwa kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 anatafuta bei: nyumba hii ingeuzwa kiasi gani sokoni leo, na benki ingepata kiasi gani ikilazimika kuiuza upesi endapo mkopo hautalipwa. Anapima eneo, anahesabu vyumba, anatazama mtaa, barabara na bei za nyumba za jirani. Hapandi darini, hachimbi pembeni mwa msingi, hafungui chemba za maji taka, na hata angeona ufa angeutaja kama jambo linaloshusha bei bila kueleza umetokana na nini. Taarifa yake, zaidi ya hayo, imeandikwa kwa ajili ya benki. Kazi yake ni halali na ina manufaa, lakini siyo ukaguzi wa ubora wa jengo.

Fundi wa dalali nisimseme vibaya, maana yapo mafundi ujenzi wenye macho makali kuliko vijana wengi waliotoka chuoni juzi. Tatizo ni kwamba dalali hulipwa nyumba ikiuzwa, na mtu aliyeletwa na dalali anajua kesho ataitwa na nani. Mkaguzi mlipeni ninyi, kwa kiasi kinachojulikana mapema, asilipwe kwa asilimia ya bei ya nyumba wala kwa sharti la mauzo kukamilika, na taarifa aikabidhi kwenu.

Nchini mwetu hatuna fani iliyosajiliwa peke yake ya ukaguzi wa nyumba zinazouzwa, kama ilivyo katika majimbo mengi ya Marekani. Kazi hii hufanywa na mhandisi wa ujenzi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, au na mbunifu majengo aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi. Penye shaka juu ya msingi na kuta, kama kwenu, mchagueni mhandisi, na ikiwezekana awe aliyezoea kusimamia miundo ya majengo, kwani mhandisi wa barabara naye ni mhandisi lakini nyufa za nyumba siyo shughuli yake ya kila siku. Mwombeni namba yake ya usajili kisha muihakiki kwa Bodi yenyewe. Mwenye usajili halisi hatachukia kuulizwa.

Sasa ule ufa. Ufa uliozibwa na kupakwa rangi hausomeki, hivyo jambo la kwanza ni kumwomba muuzaji ruhusa ya kukwangua rangi na kijazio kwa urefu wa kiganja hivi, ili ijulikane kama ufa unaishia kwenye plasta au umeingia kwenye tofali. Nyufa za plasta pekee huwa nyembamba kama unywele na husambaa bila mpangilio. Hutokana na mchanganyiko uliokauka haraka mno, na dawa yake ni fundi rangi. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa ngazi ngazi ukifuata maungio ya tofali, tena ukaonekana mahali pale pale upande wa nje, ni habari nyingine kabisa. Huo unaonyesha kwamba sehemu moja ya nyumba imetembea na nyingine imebaki.

Upana wake una maana, na mahali unapopanuka pana maana zaidi. Wahandisi kwa kawaida huuchukulia ufa usiozidi milimita 1 kuwa wa kawaida. Ukifika kati ya milimita 5 na 15, milango na madirisha huanza kukwama na matengenezo yake huweza kuhitaji kubomoa na kujenga upya sehemu ndogo ya ukuta. Ukivuka hapo, usalama wenyewe wa ukuta unakuwa wa kujadiliwa. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, kwa kawaida kona ya nje ndiyo inayozama na kuinamia nje. Ukiwa mpana chini na mwembamba juu, mara nyingi ni sehemu ya katikati iliyokaa chini. Mhandisi atathibitisha kwa timazi ukutani na pimamaji sakafuni. Nanyi mkifika tena, tazameni milango ya upande huo: mlango uliorandwa pembe moja ya juu, ukabaki na mwanya wa kabari kati yake na fremu, unakueleza kwamba fremu haiko mraba tena na kwamba mwenye nyumba alikwisha kusumbuka nao.

Kuhusu mkaratusi, wasiwasi wenu una msingi, ingawa huenda siyo kwa sababu mnayoifikiria. Ni nadra kwa mizizi kuunyanyua au kuuvunja msingi kwa nguvu zake. Kinachodhuru ni maji ambayo mti huo huyanyonya. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ule wa mbuga, hujaa na kutuna mvua zikinyesha, kisha hukauka na kusinyaa kiangazi, na mkaratusi huuzidisha mkauko huo upande mmoja tu wa nyumba, hivyo upande ule unashuka huku upande wa pili umetulia. Penye udongo wa majivu ya volkano unaopitisha maji vizuri, mti ule ule unaweza kukaa miaka thelathini bila madhara makubwa. Arusha tuna udongo wa aina zote mbili, na hubadilika ndani ya umbali mfupi, kwa hiyo asikudanganye mtu kwa kusema tu kwamba Njiro udongo ni mzuri. Mhandisi achimbe shimo moja pembeni mwa msingi kwenye kona yenye ufa, aone msingi una kina gani, umekaa juu ya udongo gani, na mizizi imefika wapi. Ni kazi ya nusu siku kwa kibarua mmoja mwenye sururu na koleo, na kwa nyumba yenu ndiyo sehemu ya ukaguzi ambayo nisingekubali irukwe hata kama muuzaji ananuna.

Naomba pia muuzaji asishawishike kuukata mti huo sasa ili kuwaondolea hofu. Penye mfinyanzi, mti mkubwa ukiondolewa ghafla udongo hurudisha maji yake na kutuna, na kona iliyokuwa ikizama huanza kuinuliwa. Mti huo unaondolewa kwa ushauri, baada ya aina ya udongo kujulikana.

Kuna jambo la tatu la kuliweka mezani. Mwezi Julai 2007 matetemeko ya eneo la Gelai, karibu na mlima wa volkano wa Oldoinyo Lengai, yalisikika vizuri Arusha, na nyumba yenu ilikuwa imekwisha kujengwa. Huenda ufa ulianzia hapo na haujaongezeka tangu wakati huo. Ndiyo maana mhandisi ataangalia kama lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, imezunguka kuta zote bila kukatika au imewekwa juu ya milango na madirisha tu, na kama anaona dalili kwamba ufa bado hai. Ufa uliotulia hauna gharama sawa na ufa unaoendelea, na tofauti hiyo haionekani kwa kuutazama mara moja. Asipokuwa na uhakika atapigilia alama pande mbili za ufa na kupima tena baada ya miezi kadhaa, muda ambao mnunuzi mara nyingi hana. Hapo mnapaswa kununua kwa bei inayochukulia kwamba ufa ni hai.

Chumba na stoo vilivyoongezwa nyuma vikaguliwe kwenye maungio na nyumba ya zamani. Ufa uliosimama wima hapo, wenye upana ule ule juu hadi chini, ni wa kawaida kwa misingi miwili iliyojengwa nyakati tofauti, na wasiwasi wake mkubwa ni maji ya mvua kupenya. La kuuliza zaidi ni karatasi: je, nyongeza hiyo ilipata kibali cha ujenzi cha halmashauri, na ramani iliyoidhinishwa inafanana na kilichopo? Hapo hapo mhandisi apime umbali kutoka mtoni, kama kiwanja kinakaribia Mto Themi au kijito chochote, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60. Kama nyumba imepakana na barabara kuu, hifadhi yake ni mita 30 kutoka katikati ya barabara kila upande, kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, na rangi mpya kwenye uzio uliotazama barabara inastahili kutiliwa shaka kidogo, maana alama nyekundu ya X, inayowekwa kwenye majengo yanayotakiwa kubomolewa, hufutika kwa kopo moja la rangi. Mambo ya hati na umiliki nawaachia wakili wenu.

Paa: mkaguzi asiyepanda darini hajakagua nyumba. Akiwa juu azime tochi kwanza, atafute matundu yanayopenyeza mwanga, halafu aiwashe na kufuata madoa ya maji kwenye kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba bati, hasa pale paa mbili zinapokutana. Achome mbao kwa bisibisi mahali zinapogusa ukuta; ubao ulioliwa na mchwa kwa ndani huonekana mzima kwa nje, lakini bisibisi huzama bila upinzani. Kama ukaguzi unafanyika kati ya Juni na Oktoba, wakati wa kiangazi, paa limwagiwe maji kwa mpira angalau nusu saa, vinginevyo madirisha na dari vitawaonyesha hali yake halisi masika yakifika Machi. Kwa nyumba yenye umri kama wa hiyo yenu sitegemei mabati ya asbesto, ila kama yapo yasikatwe wala kutobolewa, kwa sababu vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.

Umeme ukaguliwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, si kwa kuwasha taa tu bali kwa kufungua meinswichi na kupima ethi, yaani waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Namba ya mita ya LUKU iangaliwe kama ina deni, likiwemo la kodi ya majengo ambayo tangu 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme. Maji taka: fungulieni mabomba yote kwa pamoja, vuteni vyoo, kisha mhandisi afunue chemba na kutazama kama maji yanakwenda au yanarudi. Shimo la kunyonya lililojaa hunuka siku hiyo hiyo.

Kama nyumba ina kisima, maji yake yapelekwe maabara kupimwa floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, jambo ambalo mnunuzi kutoka Moshi anaweza asilifikirie. Chini ya Mlima Meru maji mengi ya ardhini yana floridi inayozidi sana miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha tu kwa kuwa maji hupungua.

Taarifa mtakayopewa iwe imesainiwa na kugongwa muhuri, na kila kasoro iwe na picha, sababu inayodhaniwa, uharaka wake na makadirio ya gharama ya kuirekebisha. Mkataeni mkaguzi atakayeandika kwamba nyumba ni nzuri kwa ujumla. Mwenye taarifa ya aina ninayoieleza anaweza kukaa na muuzaji na kuondoa gharama ya msingi kwenye bei, jambo ambalo halifanyiki kwa maneno matupu.

Kuhusu haraka ya muuzaji, mwambieni kwa heshima kwamba mnaitaka nyumba na kwamba mhandisi anaweza kufika ndani ya siku chache. Akisisitiza kupokea fedha kwanza, wakili aandike kwenye mkataba kwamba malipo ya awali yatarudishwa yote endapo ukaguzi utaonyesha kasoro ya msingi, kuta au paa inayozidi kiasi mtakachokubaliana. Akikataa sharti hilo na akakataa pia kuchimbwa kwa lile shimo la pembeni, nawashauri mtafute nyumba nyingine. Njiro nyumba zinazouzwa hazijaisha.