Mkojo bado unachoma baada ya kumaliza dawa

Pole ndugu. Umesema ni wiki ya tatu tangu ufanye ngono bila kondomu, azithromaisini uliyojinunulia umeimaliza na mkojo bado unachoma. Tafadhali usiongeze vidonge vingine kwa kubahatisha: kisonono na maikoplazma (bakteria wa zinaa) siku hizi vinaweza kuwa sugu kwa dawa hiyo.

Kapime mkojo. Kaa angalau saa moja bila kukojoa, kisha kinga ule wa mwanzo kabisa, kama mililita 20. Ukikinga wa katikati, vijidudu vinakuwa vimeshapita na majibu yanaweza kukudanganya. Omba vipimo vya magonjwa ya zinaa: kisonono, klamidia, trikomona na, kikipatikana, maikoplazma. Doa la njano kwenye chupi asubuhi? Mwambie daktari. Ila acha kukamua uume kutafuta usaha. Kukamua kwenyewe kunauwasha mrija wa mkojo.

Mwenzi wako atibiwe hata kama hana dalili, la sivyo mtaambukizana upya. Msikutane kimwili mpaka zipite siku 7 baada ya wote wawili kumaliza dawa.

VVU na kaswende pima sasa, urudie ikitimia miezi 3 tangu siku ile. Korodani ikiuma ghafla au kuvimba, nenda hospitali saa hiyo hiyo.