Hukumu ya sindano za kuondoa makunyanzi usoni

SWALI

Assalaamu alaykum Sheikh. Mimi ni mwanamke wa Mombasa, umri wangu ni miaka 48, na watoto wangu wamekwisha kuoa na kuolewa. Nina mikunjo kwenye paji la uso na mistari miwili katikati ya nyusi inayowafanya watu waniulize kila mara nimekasirikia nini. Wifi zangu walioko Dubai wamechoma sindano za Botox na nyingine za kujaza mashavu, nao wananihimiza nichome. Mume wangu anasema hana pingamizi. Nimesikia wengine wakisema ni kubadili maumbile, wengine kwamba ndani yake mna nguruwe, na wifi yangu mmoja aliambiwa asiiname kwa saa nne baada ya sindano, jambo lililonitia shaka kuhusu sijda. Isitoshe, nina kipandauso cha muda mrefu, na daktari wangu aliwahi kunitajia sindano hiyohiyo kuwa ni tiba. Naomba uniongoze.

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote.

Dada yetu, umeuliza juu ya chupa moja ya dawa, lakini ndani ya swali lako mna mambo mawili ambayo hukumu zake haziwi sawa: kuchoma sindano ili kuondoa alama za umri, na kuchoma sindano ili kutibu maradhi. Nitaanza na la kwanza kwa sababu ndilo lenye mjadala, na kwa kuwa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wamesema kwamba kukihukumu kitu hutanguliwa na kukifahamu, ni vyema tujue kwanza sindano hizi ni nini.

Botox hutokana na sumu inayozalishwa na bakteria waitwao Clostridium botulinum, sumu ileile inayoweza kumuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Ikichomwa kwa kipimo kidogo mno ndani ya msuli, huuzuia mshipa wa fahamu usitoe kemikali inayouamrisha msuli ukaze. Msuli hulegea, na ngozi iliyo juu yake hunyooka. Athari huanza kuonekana baada ya siku chache na hudumu kwa kiasi cha miezi 3 hadi 4, kisha msuli huirudia hali yake. Dawa hii haikuanza kwa ajili ya urembo. Marekani iliiidhinisha mwaka 1989 kutibu makengeza na maradhi ya kope kufumba zenyewe bila ya hiari, na mistari ya katikati ya nyusi haikuingia katika idhini hiyo mpaka mwaka 2002. Sindano za kujaza ni kitu kingine kabisa: hizo hazilegezi msuli, bali huweka chini ya ngozi ujiuji mzito, mara nyingi wa asidi ya haialuroniki, ili pale palipobonyea painuke, nao hudumu kuanzia miezi kadhaa hadi zaidi ya mwaka mmoja.

Msingi wa suala hili katika dini ni kauli ya Mwenyezi Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 119, anapotusimulia ahadi ya Shetani ya kuwapoteza waja: kwamba atawaamrisha nao watabadili aliyoyaumba Mwenyezi Mungu. Kisha imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba wamelaaniwa wanawake wanaochanja chale za kutia rangi mwilini na wanaochanjwa, wanaong'oa nyusi, na wanaotia mwanya katika meno kwa ajili ya uzuri, wenye kubadili maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mwanamke mmoja wa Banu Asad, Ummu Ya'qub, alimwendea Ibn Mas'ud akamwambia kwamba ameisoma Qur'ani kutoka mwanzo hadi mwisho na hakuikuta laana hiyo. Akamjibu kwamba lau angeisoma kwa mazingatio angeikuta, akamsomea aya ya Suratul Hashr isemayo kwamba anachotupa Mtume tukichukue na anachotukataza tukiache.

Naomba tusimame kidogo kwenye suala la mwanya, kwa sababu ndipo penye jibu lako. Sisi watu wa pwani tunaujua mwanya kuwa ni urembo, lakini wengi hatujiulizi kwa nini wanawake wa zama zile walikuwa wakichonga meno ili waupate. Imamu An-Nawawi, katika sherehe yake (yaani kitabu chake cha ufafanuzi) ya Sahihi Muslim, ameeleza kwamba aliyekuwa akifanya hivyo ni mwanamke mzee na aliyekaribia uzee, ili aonekane ana umri mdogo, kwa kuwa nafasi ile ndogo baina ya meno ni sifa ya wasichana. Maana yake ni kwamba jambo lililokemewa katika hadithi hii halikuwa urembo kwa jumla. Lilikuwa ni kuufanyia mwili kazi ili umri uliopita uonekane haujapita. Wanaodhani kwamba Botox ni suala jipya lisilo na mfano katika maandiko wanasahau kwamba tupa ya kuchongea meno ilikuwa inatafuta kilekile kinachotafutwa na sindano. An-Nawawi huyohuyo akaongeza kwamba tamko "kwa ajili ya uzuri" linaonyesha kuwa haramu ni ile inayofanywa kwa kutaka uzuri tu, ama kama kuna haja ya matibabu au ipo kasoro katika jino, basi hapana ubaya.

Wapo wanazuoni wa zama zetu walioruhusu sindano ya Botox kwa masharti, nao hawakusema kwa matamanio, wana hoja. Hoja yao kubwa ni kwamba athari yake haidumu. Al-Qurtubi katika tafsiri yake amenukuu kauli kwamba makatazo haya yanahusu kile kinachobaki, na kwamba kisichobaki, kama wanja na mapambo mengine ya wanawake, wanazuoni wamekiruhusu, akiwemo Imamu Malik. Wanasema kwamba kama mwanamke anaruhusiwa hina na wanja, na Mtume (S.A.W.) siku ya kutekwa Makka aliamrisha mvi za Abu Quhafa, baba yake Abubakar, zibadilishwe rangi, basi sindano inayokwisha baada ya miezi mitatu ni pambo kama mapambo mengine.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini mimi haijanitosheleza. Nyusi zinazong'olewa huota tena baada ya wiki chache, na pamoja na hayo zimetajwa katika hadithi ileile ya laana. Kwa hiyo kudumu peke yake hakuwezi kuwa ndiyo sababu ya katazo. Ama hina na rangi ya nywele, hizo hukaa juu ya mwili na hazizuii kiungo kufanya kazi kiliyoumbiwa, na hata katika rangi Mtume (S.A.W.) aliwaambia waepuke nyeusi, na wengi miongoni mwa wanazuoni wameeleza hekima yake kuwa ni kutomdanganya mwenye kutazama kuhusu umri. Sindano hii hupooza msuli wa uso uliokuwa mzima. Kisha hiyo miezi mitatu ina hesabu yake: anayeitaka hali hiyo ibaki hurudia mara tatu au nne kila mwaka, na kinachorudiwa namna hiyo ni vigumu kukiita cha kupita.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilijadili upasuaji wa urembo likiwa na madaktari na mafakihi pamoja, na azimio lake namba 173 linasema wazi kwamba haijuzu kuondoa makunyanzi kwa upasuaji au kwa sindano isipokuwa yakiwa ni hali ya ugonjwa, kwa sharti la kusalimika na madhara. Hiyo ndiyo kauli ninayoiona kuwa na nguvu zaidi na ndiyo ninayokujibu kwayo: mikunjo iliyoletwa na miaka 48, kwa kuondoa alama za umri tu, isichomwe sindano, iwe ya kulegeza au ya kujaza. Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratur Rum kwamba ametuumba katika udhaifu, kisha akajaalia baada ya udhaifu nguvu, kisha baada ya nguvu akajaalia udhaifu na mvi, na Mtume (S.A.W.) alipowaambia mabedui watafute dawa, kama alivyopokea Usama bin Sharik, aliutoa uzee peke yake katika maradhi yenye dawa. Wifi zako waliokwisha kuchoma wakifuata fatwa ya mwanachuoni wanayemwamini, usiwatolee maneno ya laana.

Kuhusu watu kukudhani una hasira, nakufahamu, na si jambo dogo kwa mtu mwenye moyo mwema. Lakini fakihi hutofautisha baina ya kasoro na sura ya kawaida ya rika fulani. Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani kabla ya Uislamu, akaweka pua ya fedha ikamletea uvundo, Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Huyo alikuwa na kasoro. Anayefanana naye leo ni aliyepooza upande mmoja wa uso, aliyeungua, au kijana ambaye maradhi yameukunja uso wake kabla ya wakati. Hao wana ruhusa. Mistari ya nyusi kwa mwanamke wa umri wako haijafikia huko.

Habari ya nguruwe ina ukweli ndani yake, ingawa huenezwa kwa kuzidishwa. Katika utengenezaji wa dawa hizi, vimeng'enya vya wanyama, wakiwemo nguruwe, viliwahi kutumika kutayarisha chakula cha kukuzia bakteria, na kolajeni ya kujaza iliwahi kutengenezwa kutokana na ng'ombe na hata nguruwe, ijapokuwa asidi ya haialuroniki ya siku hizi kwa kawaida hutolewa kwa kukuza bakteria. Aina maarufu za dawa ya kulegeza huwa pia na albumini, protini itokayo katika damu ya binadamu. Madhehebu ya Kishafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, ni magumu katika suala la najisi kugeuka ikawa tohara, lakini yameruhusu kujitibu kwa najisi isiyokuwa pombe tupu pale tabibu mwaminifu anaposema hakuna kisafi kitakachoshika nafasi yake. Ruhusa hiyo ni ya mgonjwa, na mwenye kutaka urembo hana fungu ndani yake. Vilevile neno sumu lisikutishe kwa tiba, kwani mafakihi wetu walikwisha kuandika kwamba dawa yenye sumu kidogo inafaa ikiwa usalama ndio unaotarajiwa zaidi na ipo haja.

Madhara nayo si ya kupuuza. Botox ikisambaa pasipotakiwa huweza kulegeza kope kwa wiki kadhaa, na sindano ya kujaza ikiingia katika mshipa wa damu huweza kuua sehemu ya ngozi, na mara chache imewapofusha watu. Aprili 2024 mamlaka za afya za Marekani zilitangaza kwamba watu katika majimbo kadhaa wamedhurika kwa Botox za bandia au zilizochomwa na wasio na sifa. Ikiwa hayo yametokea huko, basi dawa inayochomwa saluni, kutoka katika chupa iliyokuja kwenye mkoba wa msafiri na haikusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya, ni haramu kujichomea hata kwa anayefuata kauli ya ruhusa, kwa sababu Mtume (S.A.W.) amesema hakuna kudhuru wala kulipiza madhara.

Kutokuwa na pingamizi kwa mume kunakuondolea lawama ya upande wake tu. Idhini yake haihalalishi lililokatazwa, na lau angelikulazimisha usingelazimika kumtii.

Tuje sasa kwenye kipandauso, ambako jibu langu ni jepesi. Ukiwa nacho kile kinachoitwa sugu, yaani kichwa kinauma siku 15 au zaidi kila mwezi kwa muda mrefu, sindano hizi ni tiba inayotambulika. Marekani iliiidhinisha kwa maradhi hayo mwaka 2010. Huchomwa sehemu nyingi ndogo ndogo za paji la uso, panja, kisogo, shingo na mabega, na hurudiwa kila baada ya wiki 12. Inajuzu kwako kujitibu kwayo, na ikiwa paji la uso litanyooka kwa sababu hiyo, huna dhambi, maana kanuni ya fiqhi ni kwamba chenye kufuata hupewa hukumu ya kinachofuatwa. Ila usimzidishie daktari idadi ya siku za maumivu ili uipate ruhusa ya matibabu huku unataka urembo. Hilo halitafichika kwa Mola wako.

Agizo la kutoinama kwa saa nne, ambalo waganga wengi hulitoa ili dawa isishuke kwenye kope, halikuondolei sijda. Kuweka paji la uso chini ni nguzo ya swala, na mwenye uwezo hana ruhusa ya kuiacha kwa jambo analoweza kulipangia wakati. Omba miadi ya saa mbili asubuhi. Saa nne zitakwisha karibu na adhana ya Adhuhuri, na wakati wa Adhuhuri ni mpana hadi Alasiri. Ikishindikana kabisa kupata miadi ya namna hiyo, na daktari mwaminifu akasisitiza kwamba kuinama kutakudhuru, utaswali ndani ya wakati na kuashiria sijda kwa kadiri uwezavyo, kama mgonjwa yeyote. Udhu hauharibiki kwa sindano. Tone la damu likitoka lioshwe. Na kwa mwezi wa Ramadhani, Baraza hilohilo la Fiqhi lilikwisha kuamua mwaka 1997 mjini Jeddah kwamba sindano za tiba za ngozi na za misuli, zisizokuwa za lishe, hazifunguzi.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.